Gari moja, stika mara mbili

Wiki mbili zilizopita mama mmoja ninayesali naye parokia moja alinisimamisha baada ya misa. Amenunua kibasi cha kusambazia mikate, na fundi amemwonyesha kwenye kompyuta kitakavyokuwa kikishavalishwa stika kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma. "Yaya, dada yangu, ungekiona!" aliniambia, uso umemchangamka. Nilimshika mkono, tukakaa kwenye benchi nje ya kanisa mpaka watu wa misa ya pili wakaanza kuingia. Niliyomwambia pale ndiyo ninayoyaandika hapa, na mengine ambayo muda haukuniruhusu kuyamaliza.

Mimi napika. Kazi yangu ni chakula cha sherehe hapa Lubumbashi: harusi, ubatizo, sherehe za kumaliza masomo, na siku za matanga pia. Kwa miaka sita nilikodi magari ya watu kubeba masufuria, sahani na vijana wa kazi. Mwezi wa tatu mwaka jana mimi na mume wangu tukanunua Hiace yetu wenyewe, nyeupe, iliyotoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, ikapita Tunduma, ikakatiza Zambia na kutufikia kwa Kasumbalesa. Siku iliyoingia uani nililia. Kitu cha kwanza nilichowaza ni jina letu ubavuni, kwa herufi kubwa, ili watu wajue kwamba lile gari si la kukodi tena.

Mlango wake wa kuvuta ulikuwa umekwaruzwa njiani na boneti ilikuwa na madoa. Tukalipeleka kwa mpaka rangi mmoja kule Kenya, ile komini ya jiji letu, si nchi. Akajaza mastiki ya kuziba mikwaruzo, akasugua, akapulizia rangi uani kwake, chini ya mwembe. Ilipendeza. Alimaliza tarehe 3 mwezi wa sita. Naomba uikumbuke tarehe hiyo.

Nilikwenda kwa mafundi wa stika wawili. Wa kwanza hakuwa na haraka. Alizunguka gari, akapitisha kucha kwenye rangi mpya, akauliza imepakwa lini, nani kapaka, ilikauka kwa tanuri au kwa hewa tu. Kisha akasema bei yake ni dola 1,300 na kwamba hataligusa kabla ya mwezi kupita. "Mama, rangi hii bado inapumua. Nikiifunika leo, utanirudia." Nilikasirika. Nilimwona ni mtu anayejivuta ili apandishe bei. Wa pili alinikalisha mbele ya kompyuta, akanichorea gari langu palepale: nyekundu na njano, picha ya sahani ya wali na kuku, jina letu, namba ya simu. Dola 780, siku mbili. Akaniletea na kipande cha stika nikishike. "Shika, Mama, usikie ilivyo nzito. Hii ni kazi ya miaka mitano."

Nilikuwa na harusi kubwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, watu 400, familia yenye ndugu wengi wanaofanya sherehe kila mwaka. Nilitaka gari lionekane siku hiyo. Kwa hiyo nikatoa dola 500 za mwanzo bila kuuliza swali hata moja kuhusu kile kitakachobandikwa. Nilinunua picha ya kwenye kompyuta. Kama ningepewa nafasi ya kurudisha saa moja tu katika jambo hili lote, ningeirudisha ile.

Nieleze sasa nilichokuja kukijua baadaye, kwa sababu hapa ndipo pesa zetu zilipopotelea.

Stika ya gari ni plastiki nyembamba yenye gundi nyuma, vinili. Ziko za aina mbili kubwa, na ukizitazama kwa macho ya kawaida huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza hutengenezwa kwa kumimina plastiki ya majimaji juu ya karatasi laini na kuipitisha kwenye joto ikauke. Haikuvutwa na mtu, kwa hiyo inatulia vile ulivyoilaza, inaingia kwenye mabonde na kona za bodi na kubaki humo. Ya pili hukandamizwa kati ya magurudumu mazito mpaka iwe bapa, kama mwanamke anavyosukuma chapati. Na kama chapati, inataka kurudi ilikotoka. Ukiivuta juu ya kona, jua likiipiga, inanywea. Kwa Kifaransa mafundi wetu husema "coulé" kwa ile ya kwanza na "calandré" kwa hii ya pili. Katika hii ya pili kuna duni kabisa, ya kimonomeri, ambayo ni ya mabango ya muda na vioo vya maduka, na kuna iliyo afadhali, ya kipolimeri, inayofaa kwa ubavu ulionyooka. Ile ya kumiminwa huwa na unene wa maikroni 50 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja). Ya kimonomeri huweza kufika 80 hadi 100. Yaani ule uzito niliofurahia mkononi, nikadhani ndio ubora, ulikuwa ushahidi wa kinyume chake.

Tulilipeleka gari tarehe 12 mwezi wa sita. Siku tisa baada ya rangi.

Wanaoishi hapa wanajua asubuhi za mwezi wa sita zilivyo: baridi ya kuvalia koti, upepo mkavu, vumbi jekundu linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Gundi ya vinili inataka gari lenye uvuguvugu, nyuzi 20 hivi, na mahali palipofungwa. Vijana walianza saa moja na nusu asubuhi, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Waliosha gari kwa sabuni, wakafuta kwa kitambaa, basi. Hawakupitisha alkoholi ya kuondoa mafuta na nta. Nilikuwa nimesimama pale, nimeleta hata chai na mikate kwa vijana, na sikujua kwamba kuna kitu kinarukwa.

Siku ya pili, saa nane mchana, umeme ulikatika. Mashine yao ya kupuliza hewa ya moto ikazima. Mashine hiyo ndiyo inayolainisha stika iingie kwenye mabonde, na mwisho wa kazi fundi anapaswa kurudi nayo kwenye kila kona na kila ukingo, aupashe moto karibu nyuzi 90, ili plastiki isahau umbo lake la kwanza. Walisubiri saa moja. Nikawaambia nina haraka. Ndiyo, mimi. Wakamalizia upande wote wa nyuma na mabonde ya vishikio vya milango kwa mkono na kile kipande cha plastiki cha kusugulia, bila joto. Nikalipa dola 280 zilizobaki, nikapewa risiti iliyoandikwa "habillage bus", yaani kuvalisha basi, na kiasi cha fedha. Hakuna aina ya stika, hakuna muda wa dhamana, hakuna chochote.

Tulipolitoa barabarani watoto walishangilia. Sitadanganya, nilikuwa na furaha kubwa.

Wiki moja baadaye mlango wa kuvuta ulianza kutoa malengelenge. Madogo kwanza, kama upele wa joto, kisha makubwa kama sarafu. Nilimpigia yule fundi, akasema ni hewa, nitoboe kwa sindano. Nikatoboa. Yakarudi. Haikuwa hewa iliyobaki wakati wa kubandika. Ilikuwa rangi mpya ikitoa mvuke wa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, uliokuwa bado ndani yake. Yule fundi wa kwanza alikuwa ameniambia wazi, na mimi nilimsikia kama mtu anayetafuta bei. Rangi iliyokauka kwa hewa tu ipe mwezi mzima walau. Na kabla ya kubandika chochote, chukua utepe wa gundi wenye nguvu, ubandike kwenye sehemu iliyopakwa upya, uuvute kwa ghafla. Ukija na rangi, fundi wa rangi arudie kazi yake kwanza.

Harusi ya mwezi wa saba ndiyo iliyonifundisha kitu kingine, ambacho hakikuwa kosa la fundi peke yake. Tulifika ukumbini, tukafungua mlango wa kuvuta kushusha masufuria, tukainua mlango wa nyuma kushusha sahani. Hiace za Japani nyingi zina mlango wa kuvuta upande mmoja tu, na ukifunguka unarudi nyuma na kufunika ubavu. Namba yetu ya simu ilikuwa pale ubavuni. Namba ya pili ilikuwa kwenye mlango wa nyuma, ambao sasa ulikuwa umeinuka unatazama mawingu. Gari lilikaa hivyo saa tatu, mbele ya watu 400, bila namba hata moja inayosomeka. Mama mmoja mgeni alinifuata akaniuliza, "Nyinyi ni akina nani, mbona sioni jina?" Jina lilikuwepo, limekunjana na picha ya kuku.

Gari la mpishi hutazamwa likiwa milango wazi. Gari la mikate vilevile. Kwa hiyo kabla ya kuchapa chochote, andika jina na namba kwenye makaratasi makubwa, yabandike mahali palipochorwa, fungua milango yote, rudi nyuma hatua thelathini, utazame. Siku hizi namba yetu iko kwenye milango miwili ya mbele na juu ya madirisha, pande zote mbili. Inasomeka wakati wote.

Mwezi wa nane na wa tisa vilipita bila mapya, isipokuwa petroli. Kijana alimwaga kidogo wakati wa kujaza tangi, akafuta kwa kitambaa, na wekundu wote wa pale ukaja na kitambaa. Hapo ndipo nilipojua kwamba stika yetu ilikuwa haina ngozi ya juu, ile laminati inayong'aa ambayo hubandikwa juu ya wino kuukinga na jua, petroli na brashi. Wino ulikuwa uchi. Kumbe ndiyo maana kila tulipoosha gari maji yalikuwa na rangi ya waridi, na mimi nilidhani ni vumbi letu la kawaida. Hata laminati yenyewe haipaswi kuwekwa kwa pupa: wino ukishachapwa unahitaji kukaa siku moja hadi mbili utoe dawa yake, la sivyo dawa inashuka kwenye gundi na kuilegeza. Ukiletewa stika iliyochapwa, inuse. Ikinuka kama rangi ya nyumba, haijawa tayari.

Kisha mwezi wa kumi ukaingia. Lubumbashi hakuna mwezi wenye joto kama huo. Jua linashuka kama lina ugomvi na mtu, na mvua bado haijafika. Ndani ya wiki mbili stika ilinywea. Ilitoka kwenye mabonde ya vishikio na kubaki imetanda kama ngozi ya ngoma. Kingo zilirudi nyuma milimita tatu, nne, na gundi iliyobaki nje ikashika vumbi, kila mlango ukapata mstari mwekundu mchafu. Kwenye reli ya mlango wa kuvuta ilipasuka. Tulipokwenda Likasi kwa sherehe, kilomita 120 hivi za upepo na malori ya madini, pembe ya boneti ilifunguka na kupiga kioo njia nzima. Dereva wetu alisimama mara mbili kuifunga kwa utepe. Tulifika tukiwa na jina letu limefungwa utepe wa kahawia.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilimaliza kilichobaki. Maji yakaingia chini, kingo zikajikunja, na wali na kuku wetu wakaanza kuning'inia vipande vipande. Mwezi wa kumi na mbili, ambao ndio mwezi wetu wa mavuno, mteja mmoja wa miaka mingi aliniomba kwa heshima kabisa tusiegeshe gari mbele ya ukumbi, tuliweke nyuma. Nilimjibu "Sawa, Mama", nikaingia jikoni, nikashindwa kuzungumza na mtu kwa muda mrefu. Wengine wawili waliotuona mwezi huo hawakupiga simu tena. Siwezi kusema ni kwa sababu ya gari. Lakini mtu anayekutafuta ulishe wageni wake anatazama usafi kwanza, na gari langu lilikuwa chafu hata likitoka kuoshwa.

Nilirudi kwa fundi na mume wangu. Hatukupiga kelele. Alisema tuliliosha vibaya, kisha akasema mpaka rangi ndiye mkosaji, kisha akasema kwa dola 780 tulitaka nini. Katika yale matatu, mawili yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana sikuweza kumjibu vizuri. Risiti yangu haikusema ni stika gani. Aliniahidi miaka mitano kwa mdomo, na mdomo hauwekwi kwenye faili. Nilichopaswa kudai tangu mwanzo ni maandishi: jina na aina ya stika, kama ina laminati, muda wa dhamana, nani anagharimia kubandua kama itainuka, na picha ya boksi lenye roli la stika kabla halijakatwa. Fundi anayekataa kuandika hayo amekujibu tayari.

Tulingoja Kwaresima, maana wakati huo Wakatoliki wengi hawafungi ndoa na kazi inapungua. Kubandua kulichukua siku tatu. Stika duni ikikaa juani inakauka kama ganda la kitunguu. Haivuliki, inakatika vipande vya ukubwa wa kucha. Vijana wawili walifanya kazi na hewa ya moto na maji ya sabuni, dola 150. Mlango wa kuvuta ulibanduka pamoja na rangi yake hadi kwenye mastiki. Boneti ilikuwa na mikato ya wembe, kwa sababu wale wa kwanza walikatia stika juu ya gari lenyewe, na ndani ya mikato kutu ilikuwa imeanza. Rangi ya mlango dola 190, ya boneti 120. Na mara hii tuliacha gari siku thelathini na tano bila kitu, jeupe tupu, na mimi kila siku nililipita nikijizuia.

Kisha nikarudi kwa yule wa kwanza, aliyetaka dola 1,300. Nilimwomba radhi. Hakunicheka. Aliniambia kitu ambacho ningependa kila mwenye gari jeupe akisikie: "Mama, una gari jeupe safi. Kwa nini unataka kulifunika lote?" Akakata herufi kutoka kwenye vinili ya kumiminwa yenye rangi yake mwilini, isiyochapwa wino, kijani iliyokolea, na mkanda mmoja mpana chini ya madirisha. Hakuna picha ya kuku. Alifanya kazi ndani ya karakana yenye mlango, saa tano asubuhi gari likiwa limeshapata joto, alifuta kila mahali mara mbili kwa alkoholi, na bampa ya plastiki yenye mikwaruzo alikataa kuigusa kwa sababu gundi haishiki hapo. Aliniagiza nisilioshe kwa wiki nzima, na mashine ya maji ya nguvu isikaribie kingo. Dola 340.

Nimeyajumlisha mara nyingi usiku. Dola 780, na 150, na 310 za rangi, na 340: ni 1,580. Ningempa yule bwana 1,300 zake na kungoja mwezi, ningekuwa na kazi kamili na 280 mfukoni. Na kama ningemsikiliza vizuri zaidi, pengine angeniambia tangu siku ile kwamba herufi zinatosha.

Yule mama wa mikate aliniuliza afanyeje, maana ameshatoa nusu ya fedha. Nilimwambia arudi kesho yake aombe kuona roli, aulize coulé au calandré, na kama ni calandré ya kimonomeri aombe wabadilishe mchoro uwe herufi ubavuni tu, penye bapa, wasipande kwenye kona wala boneti. Rangi ya kibasi chake ni ya kiwandani, haijaguswa, hilo linamsaidia. Jumatano tutakwenda pamoja.

Kwenye boneti yetu bado kuna kivuli. Gundi ya zamani iliyobaki pembeni, ambapo hatukupaka rangi upya, haikutoka yote, na asubuhi zenye umande ukisimama upande wa kushoto unasoma herufi tatu za mwisho za jina letu, kubwa, kama zilivyokuwa. Fundi ana dawa ya kuiondoa taratibu bila kula rangi. Tumepanga mwezi wa tisa, harusi zikipungua.